Kilomita 1,200 kwa Saa 90: Mwongozo wa Kuendesha Baiskeli Safari ya Masafa Marefu

Mwongozo huu umekusudiwa mtu ambaye tayari anamaliza kilomita 100 kwa baiskeli bila taabu kubwa, na ambaye sasa anafikiria safari ya kilomita 1,200 inayopaswa kukamilika ndani ya saa 90, usiku na mchana, pasipo gari la kumfuata nyuma. Kipimo hicho kinatokana na Paris–Brest–Paris, safari ya kutoka Paris hadi bandari ya Brest na kurudi, iliyoanzishwa mwaka 1891 na mwandishi wa habari Pierre Giffard wa gazeti la Le Petit Journal. Wakati huo yalikuwa mashindano, na mshindi wake, Charles Terront, alitumia saa 71 na dakika 22, karibu bila kulala, akiwa na tairi za upepo za Michelin ambazo zilikuwa bado kitu kigeni. Siku hizi safari hiyo huandaliwa na klabu ya Audax Club Parisien kila baada ya miaka minne, katika mwezi wa Agosti, na si mashindano tena: anayefika katika saa ya 60 na anayefika katika saa ya 89 hupokea medali ileile.

Zipo nyingine za jamii hiyo. London–Edinburgh–London ina takriban kilomita 1,500. Race Across America, iliyoanza mwaka 1982, huvuka Marekani kutoka pwani hadi pwani kwa takriban kilomita 4,800, huku kila mwendeshaji akifuatwa na kikosi chake cha magari. Transcontinental Race, iliyoanzishwa na Mike Hall mwaka 2013, humwachia mwendeshaji ajichagulie njia mwenyewe na ajitegemee kwa kila kitu. Mwaka 2019 mshindi wake wa jumla alikuwa Fiona Kolbinger, aliyetumia siku 10, saa 2 na dakika 48 na kuwatangulia wanaume wote walioanza naye. Sheria zinatofautiana, lakini kwa maoni yangu zote zinapima jambo moja kabla ya nguvu za mapaja, nalo ni jinsi mtu anavyoutumia muda ambao hakanyagi pedeli. Sehemu kubwa ya maelekezo yanayofuata inahusu muda huo.

Anza na hesabu

Kilomita 1,200 kwa saa 90 ni wastani wa kilomita 13.3 kwa saa, namba ambayo mwendeshaji mzoefu akiiona kwa mara ya kwanza huidharau. Kosa la kuidharau ni kwamba saa ya waandaaji haisimami unapokula, unapoziba pancha, unaposubiri foleni ya choo wala unapolala. Mtu anayekwenda kilomita 20 kwa saa anapokuwa barabarani atatumia saa 60 akikanyaga, na atabakiwa na saa 30 kwa mambo mengine yote. Akifanya mazoezi makali kwa miezi kadhaa hadi aweze kushikilia kilomita 22 kwa saa katika umbali huo, ataokoa takriban saa tano na nusu. Sasa tazama upande wa pili wa hesabu: safari yenye vituo 15 vya ukaguzi, yaani mahali ambapo kadi ya mwendeshaji hugongwa muhuri, na ambapo mwendeshaji hukaa dakika 40 katika kila kituo, inamla saa 10 vituoni, ilhali yule anayekaa dakika 20 anatumia saa tano tu. Saa tano zimepatikana bila tone la jasho, na zinatosha kumpa mtu usingizi wa usiku mzima kwa viwango vya safari hii.

Kwa hiyo kaa chini na karatasi wiki kadhaa kabla ya kuanza, uandike mpango wa aina hii. Kilomita 400 za kwanza kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, pamoja na vituo vifupi, zinakufikisha katika saa ya 23 hivi. Unalala saa nne, unaondoka katika saa ya 27. Kilomita 400 zinazofuata utaziendesha kwa kilomita 18 kwa saa, maana mwili utakuwa umechoka, na pamoja na vituo zitakufikisha katika saa ya 52. Unalala tena saa nne. Kilomita 400 za mwisho, kwa kilomita 17 kwa saa na usingizi mfupi wa saa moja na nusu katikati, zinakuingiza kwenye mstari wa mwisho katika saa ya 84 au 85, ukiwa na saa tano za akiba kwa ajili ya upepo wa mbele, mvua au spoki iliyokatika. Mpango hautatimia kama ulivyoandikwa, lakini asiye na mpango hajui kama amechelewa au amewahi, na mtu asiyejua hilo huamua mambo kwa hofu. Nakili umbali wa kila kituo na saa yake ya kufungwa kwenye kikaratasi, ukifunike kwa utepe wa plastiki, ukibandike kwenye usukani, kwa sababu katika usiku wa tatu hutaweza kujumlisha saba na nane.

Safari nne za kufuzu

Anayetaka kushiriki Paris–Brest–Paris hutakiwa kwanza kukamilisha, katika mwaka uleule, safari za kufuzu za kilomita 200, 300, 400 na 600, kwa muda usiozidi saa 13 na nusu, saa 20, saa 27 na saa 40 kwa mfuatano huo. Hata kama safari unayoiendea haidai kufuzu, ninashauri uufuate mpangilio huo, kwa kuwa kila umbali hufundisha kitu ambacho ule uliotangulia hauwezi kukifundisha. Katika kilomita 200 utajua kama kiti, usukani na viatu vinakukaa sawasawa. Kilomita 300 zitakuingiza gizani kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo watu hugundua kwamba taa yao inatosha mjini lakini haitoshi kwenye mteremko wa kijijini. Kilomita 400 ndiyo ngumu kuliko zote nne, na wengi wanaozijua watakubali: muda wake unamaliza usiku mzima lakini hauachi nafasi ya kulala vya kutosha, hivyo mtu anakutana na alfajiri akiwa tupu. Kilomita 600 ni jaribio la kulala na kuamka, yaani kujua kama mwili wako, baada ya saa mbili au tatu za usingizi, unakubali kupanda tena juu ya kiti chenye maumivu.

Kati ya safari hizo, mazoezi ya wiki hayahitaji kuwa ya kutisha. Safari mbili au tatu fupi katikati ya wiki, moja yao ikiwa na vilima vya kukimbilia kwa nguvu, na safari moja ndefu mwishoni mwa wiki, zinamtosha mtu mwenye kazi na familia. Mara moja moja, endesha siku mbili mfululizo, kilomita 150 Jumamosi na nyingine 150 Jumapili, ili mwili uzoee kuanza ukiwa umechoka. Wiki mbili za mwisho punguza umbali kwa kiasi kikubwa na ulale kuliko kawaida. Siha ya kuongezwa katika siku hizo haipo, ila uchovu wa kuongezwa upo.

Baiskeli na mahali mwili unapoigusa

Baiskeli nzuri kwa safari hii ni ile ambayo hutaifikiria. Wepesi wa fremu una faida ndogo kuliko inavyodhaniwa, na mahali pa kutumia pesa ni taa, tairi na kiti. Tairi zenye upana wa milimita 28 hadi 32, zisizojazwa upepo hadi kuwa ngumu kupindukia, hupunguza mtikisiko unaochosha mikono na shingo. Gia nyepesi ni lazima: gia ya mbele yenye meno 34 na ya nyuma yenye meno 32 au 34 itaonekana ya anasa siku ya kwanza na itakuwa rafiki yako siku ya tatu. Njia ya Paris–Brest–Paris haifiki popote mita 400 juu ya usawa wa bahari, lakini jumla ya kupanda kwake inazidi mita 10,000, kwa sababu ni vilima vidogo visivyokwisha, na goti linaloharibika huharibiwa na kilima cha mia kilichopandwa kwa gia nzito. Madigadi nayo yaweke hata kama yanaiharibu sura ya baiskeli. Maji ya barabara yanayorushwa makalioni kwa saa kumi hulainisha ngozi, na ngozi laini huchubuka.

Kwa taa, dinamo ya ndani ya kitovu cha gurudumu la mbele ndiyo suluhisho la kuaminika zaidi, kwa kuwa hutoa umeme wa takriban wati 3 muda wote gurudumu linapozunguka, na mchana inaweza kuchaji simu. Anayetumia taa za betri apige hesabu ya usiku wote tatu au minne, kisha aongeze betri moja. Taa ya nyuma ifungwe kwenye fremu, ziwe mbili, na usiku vaa fulana yenye mikanda inayoakisi mwanga.

Mwili unaigusa baiskeli mahali patatu tu, na matatizo mengi ya safari huanzia hapo. Kiti kibaya hakirekebishwi kwa kaptula nzuri, kwa hiyo kijaribu kwa kilomita 300 kabla ya kukiamini. Kaptula ya baiskeli yenye pedi huvaliwa bila chupi, ikapakwa krimu ya kuzuia msuguano, ikabadilishwa kila unapolala baada ya kuosha ngozi na kuikausha. Kiti kikiwa chini mno, maumivu hujitokeza mbele ya goti. Kikiwa juu mno, hujitokeza nyuma ya goti au kwenye mshipa wa kisigino, na kukisogeza milimita tatu tu huweza kuokoa safari. Mikononi, mgandamizo wa muda mrefu kwenye mshipa wa fahamu unaopita kiganjani huleta ganzi ya kidole cha mwisho na kile cha pete, ganzi ambayo inaweza kudumu kwa wiki kadhaa baada ya safari. Badilisha mshiko kila baada ya dakika chache, hata kama bado hujahisi chochote. Miguu huvimba, hivyo kiatu kinachobana siku ya kwanza kitakuwa adhabu siku ya tatu.

Usibadilishe chochote katika wiki ya mwisho. Mnyororo na tairi zibadilishwe mapema ili ziwe zimekwenda angalau kilomita 200 kabla ya siku yenyewe. Katika mkoba beba tyubu tatu, viraka na solusheni, pampu, spana za kukunja, kifaa cha kukata mnyororo pamoja na kiungo chake cha akiba, waya wa gia, spoki mbili za urefu sahihi na utepe wa kufungia.

Jizoeze pia kubadilisha tyubu gizani, jambo ambalo halifanani na kulifanya mchana karakana. Ondoka kabisa barabarani, acha taa ya nyuma ikiwaka, na uvae taa ya kichwani, kwa sababu taa ya dinamo huzimika dakika chache baada ya gurudumu kusimama. Ukishaitoa tyubu iliyotoboka, usiharakishe kuweka nyingine: pitisha ncha za vidole polepole ndani ya tairi, mzunguko mzima, ukitafuta kile kilichokutoboa. Mara nyingi ni uzi wa chuma mwembamba kama unywele uliotoka kwenye tairi la lori, usioonekana kwa macho, na ukiuacha utaitoboa tyubu mpya kabla ya kilomita tano. Ung'oe kwa kibano au kwa meno ya koleo ndogo, jaza upepo kidogo ili tyubu iwe na umbo, ihakikishe haijabanwa na ukingo wa rimu, ndipo ujaze kikamilifu.

Kula kabla ya njaa

Mwili huhifadhi wanga wa kutosha takriban kalori 2,000, na mwendeshaji anayekwenda taratibu huunguza kati ya kalori 400 na 600 kwa saa. Akiba hiyo, kwa hiyo, haiwezi kumaliza hata siku moja. Kinachobaki hutoka kwenye mafuta ya mwili na kwenye chakula. Watu wengi wanaweza kufyonza takriban gramu 60 za wanga kwa saa, na waliozoea mchanganyiko wa glukosi na fruktosi hufika gramu 90, lakini tumbo hufanya kazi hiyo iwapo tu mwendo ni wa wastani. Ukikaza mwendo, damu huelekezwa kwenye misuli, tumbo hukataa, na anayeshindwa kula leo usiku atashindwa kuendesha kesho asubuhi. Hii ndiyo sababu ya kwenda polepole katika kilomita 200 za kwanza, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema, ingawa kundi la mbele linaondoka na upepo wa mgongoni unakushawishi.

Kula kitu kidogo kila baada ya dakika 30 au 40 ukiwa barabarani, na mlo wa kawaida vituoni. Jeli na vinywaji vitamu vinafaa kwa siku ya kwanza. Baada ya hapo ulimi huchoka na sukari, mdomo huota vidonda, na mtu hutamani chumvi, supu na viazi. Beba vyakula vya ladha tofauti na usitegemee kimoja. Kunywa kulingana na kiu. Mkojo mweusi ni dalili ya upungufu wa maji, lakini kunywa maji matupu kupita kiasi ni hatari pia, kwani hupunguza chumvi katika damu, na dalili zake, yaani kuvimba vidole, kuumwa kichwa na kuchanganyikiwa, zinafanana mno na uchovu. Dawa za kutuliza maumivu za jamii ya ibuprofeni ziepuke, kwa sababu mwili uliopungukiwa maji ukiongezewa dawa hizo figo huweza kuumia.

Dakika ishirini za kituoni

Kituo cha ukaguzi ni mtego wenye viti. Kuna joto, kuna chakula, kuna wenzako wanaosimulia upepo, na dakika 50 hupita bila mtu kujua zilikokwenda. Amua utakachofanya kilomita tano kabla ya kufika, na ukitamke kwa sauti: kadi, maji, chakula, choo, kuondoka. Ukifika, egesha baiskeli mahali utakapopakumbuka, jambo lisilo dogo pale ambapo zimeegeshwa mamia zinazofanana. Gonga muhuri kwenye kadi kwanza, kwa kuwa kuna watu waliokula, wakalala na kuondoka bila muhuri, wakalazimika kurudi kilomita nyingi. Jaza chupa kabla ya kukaa. Ikiwa foleni ya chakula ni ndefu, nunua mkate, uutie mfukoni, na ule ukiwa unaendesha au kwenye kijiji kinachofuata. Kule Ufaransa, wakazi wa njia ya kwenda Brest huweka meza mbele ya nyumba zao na kuwapa waendeshaji kahawa na keki hata usiku wa manane, na mapumziko ya dakika tano kwenye meza hizo huburudisha kuliko nusu saa ukumbini.

Kaa muda mrefu mahali pawili au patatu tu, ulipopanga kulala. Safari nyingi huruhusu mkoba wa nguo kutangulizwa kwenye kituo kimoja. Kule Paris–Brest–Paris wengi hupenda uwe Loudéac, takriban kilomita 440 kutoka mwanzo, kwa kuwa hupitiwa wakati wa kwenda na wa kurudi. Weka ndani yake kaptula safi, soksi, krimu, betri na chakula unachokipenda, kila seti katika mfuko wake wa plastiki, ili usipekue.

Usiku na usingizi

Hapa ndipo safari inapoamuliwa, na hapa ndipo ushauri wa watu hutofautiana zaidi. Wako wanaojaribu kutolala hadi kilomita 600. Wanaofanikiwa ni wachache, na wengi wa wanaojaribu huishia kulala kwenye ukingo wa barabara saa kumi alfajiri wakitetemeka. Wanaoanza jioni, kama wanavyofanya wengi wa kundi la saa 90 kule Ufaransa, hupitisha usiku wa kwanza bila kulala kwa vyovyote vile, kwa hiyo wanapaswa kulala mchana wa siku ya kuanza, au angalau kujilaza gizani kwa saa mbili, badala ya kuzunguka wakitazama baiskeli za wengine.

Mwili hushuka chini kabisa kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri, hata kama umelala mchana. Joto la mwili hupungua, macho huwa mazito na mawazo huwa meusi: katika saa hizo mtu huona wazi kabisa kwamba safari haina maana, kwamba goti limeharibika na kwamba kituo kinachofuata ndipo pa kuachia. Weka sheria kabla ya kuanza kwamba hutajitoa katika saa hizo isipokuwa umejeruhiwa. Vaa koti kabla ya kuhisi baridi, kula kitu chenye chumvi, zungumza na yeyote aliye karibu, na usubiri jua. Mwanga wa asubuhi hurudisha mwendo kwa kiasi ambacho asiyekipitia hawezi kukiamini, ingawa miguu ni ileile na usingizi haujaongezeka.

Kulala kwa dakika 90 au kwa saa tatu kuna nafuu kuliko kulala kwa saa moja, kwa sababu mzunguko mmoja wa usingizi huchukua takriban dakika 90, na anayeamshwa katikati ya usingizi mzito huamka akiwa mzito kuliko alivyolala. Tofauti ni usingizi mfupi wa dakika 15 hadi 20, ambao hauingii kina hicho. Kunywa kikombe cha kahawa, jilaze mara moja, na kafeini itaanza kufanya kazi wakati kengele ya simu inalia. Beba blanketi ya karatasi ya fedha, inayokunjika hadi kuingia mfukoni, ili uweze kujilaza popote palipo salama na pakavu, kwenye kibaraza cha kanisa au katika kibanda cha basi, bila kupoteza joto. Weka kengele mbili.

Jambo lisilo na mjadala ni kusinzia ukiwa juu ya baiskeli. Dalili huja kwa mpangilio: kwanza unasahau umebadilisha gia lini, kisha mstari wa barabara unaanza kugawanyika, kisha vichaka vinakuwa watu na mawe yanakuwa wanyama. Maono hayo ni ya kawaida katika usiku wa tatu, na wengine huyasimulia kwa kucheka, lakini yanamaanisha kwamba ubongo tayari unalala kwa sekunde moja moja bila ruhusa yako. Ukishtuka ukiwa upande usio wako wa barabara, simama hapo hapo na ulale dakika 20; usijiambie kwamba kituo kiko kilomita nane mbele. Ni katika hali hiyo pia ambapo kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzako, jambo linalopunguza kazi ya upepo kwa kiasi kikubwa mchana, kunakuwa hatari usiku, kwa hiyo acha nafasi au endesha ubavuni pale sheria inaporuhusu.

Mwili unapolalamika

Maumivu yanayohamahama, leo bega, kesho kisigino, kwa kawaida ni ya kuvumiliwa. Maumivu yanayobaki mahali pamoja na kuongezeka kila saa yanahitaji kushughulikiwa kituoni kwa kusogeza kiti, kupunguza gia au kupumzika. Shingo ina ugonjwa wake, unaoitwa shingo ya Shermer kutokana na Michael Shermer, mmoja wa watu wanne walioshiriki Race Across America ya kwanza: misuli ya nyuma ya shingo huchoka hadi kushindwa kabisa kuinua kichwa, na mwendeshaji huona gurudumu la mbele tu. Hujitokeza zaidi katika safari zinazopita kilomita 800, na haiponi kwa kunyooshwa barabarani. Kinga yake ni usukani ulioinuliwa, kofia nyepesi, na mazoezi ya shingo na mgongo kwa miezi kabla ya safari. Anayeshindwa kuinua kichwa, anayetapika bila kuacha, anayekojoa mkojo wa rangi ya kahawa au anayepata maumivu ya kifua ajitoe na atafute daktari, hata kama imebaki kilomita 30.

Ukimaliza, kabidhi kadi kwanza, kisha kula na ulale mahali hapohapo au jirani. Usiendeshe gari siku hiyo. Hatari ya kusinzia ambayo umeikwepa kwa siku nne itakungojea kwenye usukani mwingine wenye mwendo mkubwa zaidi, kwa hiyo panga usafiri na mtu aliyelala, kabla hata hujajiandikisha. Miguu ikivimba kwa siku mbili tatu, iinue juu unapolala. Ganzi ya vidole isiyopungua baada ya wiki sita ionyeshe kwa daktari. Kwa wiki mbili za kwanza endesha kwa raha tu au usiendeshe kabisa, na katika siku hizo, wakati bado unakumbuka, andika ni kituo gani kilikula muda wako, ni chakula gani kilikukinai na ni kitu gani ulikibeba kilomita 1,200 bila kukigusa.